Kusita kwa Ambakisye

Darasani mimi ni mwanamume. Mwanamume mwenyewe amekaa nyuma yangu kwenye kiti cha magurudumu, taulo begani, anaangalia mvua ya Tukuyu inavyopiga dirisha, na mara kwa mara nageuka kumfuta mate. Jina lake ni Ambakisye. Mimi mkewe naitwa Tusekile, lakini hilo darasani halijulikani, na Mungu anisaidie lisijulikane.

"Mzee Ambakisye, shikamoo." Maandishi ya Mwalimu Zuhura yalijitokeza kwenye kioo cha kompyuta. "Leo naomba tuanze na wewe."

Nikaandika, "Marahaba, Mwalimu." Siku hizi naitikia shikamoo za watu kama mzee mwenye ndevu zake.

"Nataka kuwaonyesha wenzako mdundo wako. Una jambo ambalo silielewi."

Msiniulize sana mitambo hii inafanyaje kazi, nitasema nilivyoelewa mimi. Zamani ukurasa wa mtandaoni ulikuwa kitu cha maduka na wanamuziki. Halafu ukaja ule mwaka wa sauti za kuazima, mashine zikaiga sauti za watu, sura zao, hata vikohozi vyao. Mtu anapigiwa simu na mama yake aliyemzika kwa mikono yake. Nyumba ziliuzwa wenyewe wamelala ndani. Wakubwa wakakaa, wakaona sura si ushahidi tena, sauti si ushahidi tena, kilichobaki ni vidole. Ndiyo sheria tuliyonayo. Kila mtu mzima anajiandikia ukurasa wake mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kunakili wala kubandika, na kibodi inampima anavyoandika: kidole kinakaa muda gani juu ya herufi, kinakimbilia wapi, kinasita wapi. Huo ndio mdundo. Ukurasa ukishatiwa muhuri, ndio wewe. Mlango wa hospitali una kibodi yake, unagonga mstari mmoja unakutambua, na nesi aliye ndani haruhusiwi kuamini macho yake. Bomba la maji hivyo hivyo. Shamba la chai hivyo hivyo. Asiye na muhuri hayupo.

Na ndiyo sababu darasa letu la wanaoanza halina sura wala sauti. Tunaonana kwa maandishi tu, herufi zikitokea moja moja kila anapozigonga mwenyewe.

"Mashine inaandika upesi," Mwalimu alituambia tulipoanza. "Inaweza hata kukosea kwa makusudi ili ifanane na mtu. Kitu kimoja imeshindwa, kusita. Haina cha kuonea haya."

Sasa akauweka mstari wa mdundo wangu mbele ya darasa zima. Ulikuwa unapanda na kushuka vizuri tu, kisha ghafla unadumbukia shimoni, kisha unapanda tena.

"Tazameni," akaandika. "Juu kwenye kichwa cha ukurasa, Mzee Ambakisye akifika kwenye jina la baba yake, vidole vinasimama. Chini kwenye anwani, vinasimama tena. Kila palipo na jina hilo pana shimo. Mtu huandika jina lake kuliko neno lolote maishani. Mzee wangu, wewe unasita nini?"

Nilihisi jasho linanitoka kwapani, na Tukuyu ni baridi.

Nilijua ninasita nini. Kwetu Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe. Nilipoolewa nilijificha kwenye migomba ili yule mzee apite. Kitu kikifanana jina na yeye nilikitafutia neno jingine. Amekwisha kufa, kaburi lake liko hapo nyuma ya nyumba, na mpaka leo nikipita nainamisha uso. Hata hapa jina lake sitaliandika, mtanisamehe. Kulitamka sijawahi. Kuliandika nimeliandika, maana liko kila pembe ya ukurasa wa mwanawe, na kila nikilifikia vidole vyangu vinasimama kwanza kuomba radhi. Havinisikilizi. Nimevikaripia, havinisikilizi.

Kabla sijajibu, nikaona herufi za mwanafunzi mwingine. Alikuwa Bupe wa Kyela, mama muuza mchele, kijana bado, mtu wa utani, ambaye kila kipindi alikuwa akimtania Mzee Ambakisye kwamba wa milimani hawajui kula samaki.

"Mwalimu, huku kwetu wanaosita hapo ni"

Herufi zikasimama hapo.

Nikakodoa macho kwenye ule mstari uliokatika. Nyuma yangu mume wangu alikuwa anapumua kwa kukoroma kidogo, kama kawaida yake. Kisha herufi za Bupe zikaanza kufutika, moja baada ya nyingine kutoka mwisho, mpaka pakawa peupe.

Ikabidi niandike. "Mwalimu, baba yangu alifariki mimi niko safarini. Sikumuaga. Nikifika kwenye jina lake huwa nasimama kidogo."

Uongo mtupu. Ambakisye alimshika baba yake mkono mpaka mwisho, hakutoka chumbani hata kula. Nilimsingizia mume wangu utoro kwenye kifo cha baba yake, naye kakaa hapo hapo, hawezi kunikana.

"Pole sana, mzee wangu," Mwalimu akaandika. "Basi usijilazimishe kuacha. Kusita huko ndiko wewe. Nitawaeleza wakaguzi wa muhuri."

Darasa zima likaandika pole. Nikaitikia moja moja, nimeshapoa.

*

Kipindi kilipoisha, ujumbe ukaingia pembeni, pale ambapo wanafunzi wawili huandikiana bila wengine kuona.

"Ndaga, mama."

Ndaga ni neno letu la heshima, lakini hiyo mama ndiyo niliyoisoma mara mbili. Kisha nikaandika, "Umekosea, binti. Mimi ni mzee."

"Mama, mimi nasita hapo hapo. Kwangu jina la mkwe liko kwenye sehemu ya jina la mume. Niliuona ule mstari nikaujua kama ninavyolijua sufuria langu. Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko hapa nyuma yangu."

"Anaandika?"

"Hata kijiko hashiki."

Nikageuka kumtazama mtu wangu. Kiharusi kilimkuta shambani, kwenye chai, akaanguka na kikapu mgongoni. Mkono wa kulia ulikufa. Wa kushoto unanyanyuka kidogo. Herufi alizisahau zote, ukimwekea kibodi anaitazama kama sahani tupu. Na maneno yalimtoka yote isipokuwa moja, nusu ya jina langu. Akitaka maji, "Tuse." Akiumwa, "Tuse." Mvua ikimfurahisha, "Tuse." Mimi nasikiliza tu namna anavyolisema, najua lipi ni lipi, na nikikosea ananirudia polepole mpaka nipatie. Siku nyingine nachoka nikamjibu kwa ukali, halafu najuta nusu siku.

Sheria inasema asiyeweza kujiandikia anakuwa msimamiwa. Lugha nzuri. Maana yake wanakuja na gari, wanampeleka Mbeya kwenye Nyumba ya Usimamizi, na mke anaomba ruhusa kumtembelea mumewe. Jirani yetu Mzee Anyitike walimchukua hivyo. Mkewe alipopata ruhusa alimkuta wamemnyoa ndevu, wamemfunga mkanda kitandani asianguke, naye anamuuliza kila anayepita, kwetu ni wapi. Alikufa anauliza. Sasa mwenye akili aniambie, ningekaa tu?

Kwa hiyo lilipofunguliwa darasa la wanaoanza, nilimwandikisha Ambakisye, nikakaa mimi kwenye kiti. Nilijifunza kwamba ukurasa una kichwa na mwili, kwamba kila agizo linakaa kati ya vialama viwili vyenye ncha, vimidomo vya kuku nikaviita, na kwamba ulichokifungua sharti ukifunge. Siku moja nilifungua wino mzito nikasahau kuufunga, ukurasa mzima ukawa kama mtu anayegomba, na darasa likacheka mpaka Mwalimu akatutuliza. Nilijifunza kuweka rangi. Nilimwekea kijani cha chai ikiwa changa. Nilimwandikia aya ya maisha yake, alivyopenda bao na alivyokuwa hashindwi, na hapo kidogo nilitia chumvi. Nilijifunza viungo, yale maneno ukiyagusa yanakupeleka kwenye ukurasa wa mwingine. Chini ya jina lake nikaandika, "Mke wangu ni Tusekile," na hilo Tusekile nikalifanya kiungo. Kilikuwa hakiendi popote bado. Nilisema, nikimaliza wake nitaandika wangu, kiungo kitapata pa kwenda.

Bupe akarudi. "Mama, ukurasa wako umeshauandika?"

"Bado. Nilitaka kwanza wa mzee."

"Jaribu leo," akaandika. "Jaribu leo hii, mama, kisha uniambie."

*

Nikajaribu. Nilimlisha Ambakisye uji wake, nikamgeuza upande, kisha nikafungua mlango wa darasa upya, wa mtu mpya, Tusekile. Kioo kikaniambia andika sentensi yoyote tukujue. Nikaandika kwamba mvua haijakatika tangu asubuhi.

Kikajibu: "Karibu tena, Ambakisye."

Nikadhani nimekosea mahali. Nikafunga, nikafungua, nikaandika habari za migomba.

"Karibu tena, Ambakisye."

Nikaandika kwa mkono wa kushoto. Nikaandika kwa kidole kimoja, nikaloweka mikono kwenye maji ya moto nikaandika, nikasimama wima kama mwendawazimu nikaandika. Mara hii kilikawia kidogo, moyo ukanipanda. Kisha kikaniuliza kwa upole: "Ambakisye, unaumwa? Mdundo wako umebadilika. Karibu tena."

Hapo nililia. Sikulia kwa sauti, nisimtishe mzee. Nilikuwa nimempa mume wangu vidole vyangu, kumbe mtu hana vidole vya akiba.

Kipindi kilichofuata nilimuuliza Mwalimu, nikijifanya nauliza kwa ajili ya wote, "Je, mdundo mmoja ukikutwa kwenye kurasa mbili?"

"Swali zuri, mzee wangu. Mdundo mmoja, mtu mmoja. Mwandishi anaulizwa achague yeye ni nani. Mmoja anabaki na mwingine anafutwa. Na wa kufutwa kama ni mtu kweli, yuko hai mahali," hapo Mwalimu akasimama kidogo, niliona, "basi anakuwa msimamiwa, au kama hana wa kumtolea taarifa, anakuwa hayupo tu. Hayupo haibiwi, hashtakiwi, hatibiwi. Wapo watu wa namna hiyo. Namwomba Mungu nisije nikamfundisha mmoja wao bila kujua."

Nikasoma hilo mara nyingi. Sikujua ananihurumia au ananionya. Sijui mpaka leo.

Pembeni Bupe alikuwa ananisubiri. "Umeona, mama?"

"Nimeona."

"Mwambie Mwalimu ukweli. Ana roho nzuri."

"Roho nzuri haizuii gari lisije. Akijua ni lazima aseme, ndiyo kazi yake. Nikiandika wangu, wa mzee unafutwa, wanamchukua. Nisipoandika, yeye anabaki nyumbani."

"Na wewe?"

"Mimi nina presha tu. Naye ana presha. Vidonge vyake tutagawana."

"Mama, usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha, binti. Unafikiri nina cha kuchekea hapa?"

Herufi zake zikaanza, zikasimama, zikaanza tena. "Basi nijibu hili moja. Yeye ndiye mgonjwa. Akitangulia yeye, ukurasa wake una vidole vyako, utaendelea kuishi. Atakayekuwa amekufa ni nani?"

Nilijua jibu. Nililijua tangu kioo kiliponikaribisha. Siku Ambakisye akifa, Ambakisye atachota maji, Ambakisye atachuma chai, na kaburini hapo nyuma ya nyumba, kando ya baba yake, atalazwa mtu asiye na jina. Au watasema ni Tusekile. Mume wangu nitamzika kwa jina langu, na mimi nitakaa na lake mpaka nife.

"Ya Mungu mengi," nikamjibu.

"Hilo si jibu, mama."

"Najua."

*

Siku ya muhuri mvua ilikuwa imepungua, ukungu umekaa juu ya chai. Nilimnyoa Ambakisye vizuri, nikamvalisha shati la kanisani, nikamsogeza kiti karibu yangu ili angalau awepo kwenye ukurasa wake. Mwalimu alikuwa ametueleza: kila mtu ataandika ukurasa wake wote upya mbele ya wakaguzi, kutoka midomo ya kwanza ya kuku mpaka ya mwisho. Mdundo ukifanana na wa siku zote, muhuri unagongwa. Ukitofautiana, wanakuja nyumbani kuangalia.

Nilikuwa nimejaribu siku mbili hizo kuliandika jina la mkwe bila kusita, kwa woga kwamba wakaguzi si wapole kama Mwalimu. Bupe alinigombeza. "Ukiacha kusita utakuwa si yeye wanayemjua. Mama, acha vidole viombe radhi yao."

"Mzee Ambakisye," Mwalimu akaandika, "karibu. Wakaguzi wanafuata mdundo wako. Andika kwa raha zako."

Nikaanza. Kichwa nikakifungua. Ambakisye, nikaandika, kisha lile jina likafuata, na vidole vyangu vikasimama kama vilivyozoea. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru yule mzee kwa kunitia hofu. Nikaendelea. Kichwa nikakifunga. Mwili. Rangi ya chai. Aya ya bao. Kila nilichokifungua nikakifunga. Wino mzito niliuacha, sikutaka ubishi nao siku ile.

Nikafika kwenye mke. "Mke wangu ni Tusekile." Nikakifanya kiungo, kama siku zote.

Kioo kikasimama. Maandishi mekundu yakatokea chini, si ya Mwalimu wala ya mtu yeyote: "Kiungo hiki hakiendi popote. Tusekile hayupo. Ukurasa hautiwi muhuri ukiwa na kiungo kilichokatika. Futa, au mwandike."

Hilo sikulijua. Hakuna aliyetufundisha hilo.

"Mzee wangu, usiogope," Mwalimu akaandika. "Huwatokea wengi. Mkeo kama hajaandika wake, futa tu jina, utaliongeza baadaye."

Utaliongeza baadaye. Niliyatazama maneno hayo.

"Tuse," akasema mume wangu.

Nikashika glasi ya maji nikampelekea mdomoni. Akageuza uso. Nikamrekebisha mto mgongoni. Akatikisa kichwa.

"Tuse." Mkono wa kushoto ukanyanyuka kutoka kwenye goti, ukatetemeka hewani, ukaelekea kwenye kioo. Herufi hazijui tena, nina hakika. Rangi nyekundu anaijua. Na kilio changu anakijua, maana nilikuwa nalia bila kujitambua.

"Tuse," mara ya tatu, polepole, kama anavyonifundisha nikikosea.

Nikamwelewa. Miaka yote hii namwelewa, iweje nisimwelewe hapo. Alikuwa anakataa. Alikuwa ananiambia andika lako, mimi waache waje. Ungekuwa wewe ungefanya nini, sijui. Mimi niliona mkanda wa kitandani. Nilimwona ananyolewa na mtu asiyejua kwamba shavu la kushoto linamuuma. Nilimwona anasema "Tuse" kwa watu wa Mbeya, wanampa maji, anakataa, wanaandika kwamba ni mkaidi.

"Nisamehe, Ambakisye," nikamwambia. "Leo sikusikilizi."

Nikarudi kwenye kibodi. Nilitegemea vidole vigome. Nilivisubiri. Vilivyokuwa vinasimama kila mara kwa jina la marehemu ambaye hata hakuwahi kuniangalia usoni, nilijua kwa jina langu mwenyewe vitasimama mpaka wakaguzi washtuke. Nikaanza kufuta kutoka mwisho, herufi moja moja, nikalimaliza lote.

Havikusita hata kidogo.

"Umethibitishwa," kioo kikaandika. "Karibu, Ambakisye." Nembo ya kijani ikagongwa juu ya ukurasa, ikang'aa kidogo, ikatulia.

Darasa likaandika hongera. Mwalimu akaandika hongera, na baada ya hapo akaandika, "Mungu akutunze, mzee wangu, wewe na wako." Wa mwisho alikuwa Bupe. Herufi zake zilichelewa kuanza, na zilipoanza zilikuja kwa taabu, naona alikuwa analia huko Kyela kwenye magunia yake ya mchele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu," nikaandika.

Nikazima kioo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani. Sikugeuka mara moja, nilikuwa naogopa uso wake.

"Tuse," akaita nyuma yangu.

"Abee," nikaitika.